MANOWARI "UGANDA": MELI YA VITA ILIYOBEBA JINA LA NCHI ISIYO NA BAHARI

Kutoka Kampala hadi pwani ya Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli. Mkaazi wa Kampala anayetamani kuona maji mengi huteremka Port Bell, akasimama ukingoni mwa ziwa, akatazama mitumbwi na meli za mizigo. Ziwa hilo ni kubwa, lakini maji yake si ya chumvi, na wala halina njia ya kuifikisha meli kubwa baharini. Hata hivyo, katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia palikuwa na manowari ya chuma, yenye mizinga mikubwa na mabaharia mia kadhaa, iliyopigana katika Mediterania na Pasifiki, na jina lake lilikuwa Uganda.

Historia ya meli hiyo inafaa kusomwa na kila askari, na pia na kila mke au mzazi anayemsubiri askari nyumbani. Ndani yake limo swali ambalo majeshi mengi hayapendi kuulizwa: je, mtu aliyekwisha kula kiapo anaweza kuulizwa tena kama yu tayari kwenda vitani? Na akijibu "hapana", wajibu wake unakoma wapi?

JINA NA ASILI YAKE

Jina lenyewe lilipita katika vinywa vya Waswahili kabla ya kufika Uingereza. Wenyeji huiita nchi ya Kabaka Buganda. Wafanyabiashara waliotoka pwani waliitamka kwa desturi ya lugha yao, kama walivyotamka Unyamwezi na Ukamba, wakasema Uganda. Wazungu waliowafuata katika njia hizo za biashara walilichukua jina kama walivyolisikia, na ilipofika mwaka 1894 serikali ya Uingereza ilikuwa imelitia katika hati zake za himaya.

Baadaye Waingereza waliunda manowari za aina moja, wakazipa majina ya nchi walizozitawala: Fiji, Kenya, Nigeria, Mauritius, Gambia, Jamaica na nyinginezo. Majina hayo yaliteuliwa London. Uganda ilianza kuundwa mwezi Julai 1939 katika karakana za Vickers-Armstrongs kando ya mto Tyne, kaskazini mwa Uingereza. Iliteremshwa majini tarehe 7 Agosti 1941, na ikaanza utumishi tarehe 3 Januari 1943.

Manowari hutofautiana kwa ukubwa na kwa kazi. Frigeti ni ndogo, na katika vita vile kazi yake kubwa ilikuwa kulinda misafara ya meli za mizigo na kuwinda nyambizi. Kruza ni kubwa zaidi, nayo hutumwa mbali, hupiga shabaha za nchi kavu, na hulinda meli za kubeba ndege. Uganda ilikuwa kruza. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita 169, yaani zaidi ya kiwanja kimoja cha mpira na nusu yake. Mizinga yake mikuu ilikuwa 9, mitatu mitatu katika minara mitatu, na kila mmoja ulirusha kombora lenye upana wa inchi 6.

BOMU LA SALERNO

Miezi minane tu baada ya kuanza kazi, manowari hiyo ilikabiliwa na silaha mpya. Mwezi Septemba 1943 majeshi ya Uingereza na Marekani yalitua Salerno, katika pwani ya Italia. Uganda ilikuwa pale, ikiyasaidia kwa mizinga yake majeshi yaliyokuwa yakipigana ufukoni. Tarehe 13 Septemba ndege ya Wajerumani iliangusha bomu la aina ambayo mabaharia wengi walikuwa hawajaifahamu. Bomu la kawaida likikwisha kuachwa halina mwongozaji, lakini hilo liliongozwa kwa mawimbi ya redio na mtu aliyebaki katika ndege, akalielekeza mpaka likafika.

Bomu lilitoboa sitaha saba, likapita hata chini ya meli, likalipuka majini chini ya mkuku. Kishindo chake kilizima mioto yote ya boila. Kiasi cha tani 1,300 za maji kiliingia ndani, na mabaharia 16 walikufa. Meli haikuzama. Ilikokotwa hadi Malta, kisha ikavuka Atlantiki hadi Charleston, Marekani, ambako matengenezo yalichukua muda mrefu.

KUINGIA MIKONONI MWA KANADA

Wakati huo Kanada ilikuwa ikilikuza jeshi lake la majini na ilihitaji meli kubwa. Uingereza ilikuwa na meli lakini ilipungukiwa na watu. Basi tarehe 21 Oktoba 1944, huko Charleston, bendera ya utumishi wa Kanada ilipandishwa katika Uganda. Nahodha wake wa kwanza kutoka Kanada alikuwa Edmond Rollo Mainguy. Jina halikubadilishwa. Vijana wa Ontario, Quebec na Kolombia ya Kiingereza wakawa mabaharia wa Uganda, ingawa wengi wao pengine wasingeweza kuionyesha nchi hiyo katika ramani.

Kufikia Aprili 1945 meli ilikuwa katika Pasifiki pamoja na Kundi la Manowari za Uingereza, karibu na visiwa vya kusini mwa Japani. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuzilinda meli za kubeba ndege. Tarehe 4 Mei ilishiriki katika kukipiga kwa mizinga kiwanja cha ndege katika kisiwa cha Miyako. Siku hiyohiyo marubani wa Japani waliojitoa mhanga walizigonga kwa ndege zao meli mbili za kubeba ndege za Uingereza, Formidable na Indomitable. Kila baharia aliona kwa macho yake mauti yalivyokuwa karibu.

Mashaka mengine yalikuwa ndani ya meli yenyewe. Chini ya sitaha joto lilikuwa kali na hewa nzito. Maji ya kuogea yalikuwa haba, na wengi walitokwa na vipele. Siku za kukaa baharini pasipo kukanyaga nchi kavu zilikuwa nyingi.

SWALI LILILOTOKA NYUMBANI

Katika hali hiyo ndipo swali lilipowafikia. Tarehe 4 Aprili 1945 Waziri Mkuu wa Kanada, Mackenzie King, alitangaza bungeni kwamba vita vya Ulaya vikiisha, hakuna Mkanada atakayepelekwa kupigana na Japani isipokuwa aliyejitolea upya kwa vita hivyo. Anayejitolea angepewa kwanza likizo ya siku 30 nyumbani. Suala la kulazimisha watu kwenda vitani lilikuwa limeigawanya Kanada kwa uchungu, na uchaguzi ulikuwa unakaribia. Kwa wanasiasa uamuzi huo ulionekana wa busara. Ila palikuwa na manowari moja iliyokuwa tayari katikati ya vita hivyo.

Tarehe 7 Mei 1945, siku ileile wakuu wa Ujerumani walipotia sahihi hati ya kusalimu amri huko Reims, mabaharia wa Uganda walitakiwa kutoa jibu mmoja mmoja. Takriban theluthi mbili walikataa kujitolea upya.

Habari hiyo iliwakasirisha wakuu wa majeshi ya majini, hasa Waingereza, na wengine waliwadhania mabaharia hao kuwa waoga. Lakini sababu zao zikipimwa, jambo linakuwa na sura nyingine. Jeshi la majini la Kanada lilikuwa la watu waliojitolea, hivyo kila mmoja wao alikuwa amekwisha kujitoa mara moja, kwa vita vyote, mpaka mwisho. Wengi waliona kwamba kuulizwa mara ya pili ni kuitilia shaka ahadi yao ya kwanza. Wengine walichoshwa na hali ya maisha melini. Wengine walikuwa na wake na wazazi waliokwisha kusikia kwamba vita vya Ulaya vimekwisha. Serikali iliwafungulia mlango kwa mkono wake yenyewe, halafu ikashangaa walipotoka.

KAZI HAIKUSIMAMA

Kura ilipopigwa, meli haikugeuka siku ya pili. Haikuwezekana kuacha pengo katika kundi lililokuwa vitani, hivyo Uganda ilibaki mpaka ipatikane manowari nyingine ya kushika nafasi yake. Muda huo ulikuwa zaidi ya miezi miwili na nusu. Katika muda huo mabaharia waliosema "hapana" waliendelea kulinda zamu, kupakia makombora na kuwasha boila sawasawa na waliosema "ndiyo". Mwezi Juni walishiriki katika mashambulizi ya kisiwa cha Truk. Mwezi Julai walikuwa katika kundi lililopiga visiwa vikuu vya Japani.

Tarehe 27 Julai 1945 manowari iliruhusiwa kuondoka. Ilifika Esquimalt, katika pwani ya magharibi ya Kanada, tarehe 10 Agosti, siku ambayo Japani ilitoa ishara ya kukubali kusalimu amri. Waliokataa na waliokubali wakafika nyumbani pamoja, na vita vikawa vimekwisha.

ASKARI WA UGANDA HAWAKUULIZWA

Katika vita hivyohivyo dhidi ya Japani walikuwapo Waganda halisi, Waacholi, Walango, Wateso na wengineo, wala hawakuwa baharini. Walikuwa askari wa King's African Rifles. Batalioni ya 4, iliyokuwa ya Uganda, ilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliyopita katika bonde la Kabaw, Burma, katika masika ya mwaka 1944, penye matope, malaria na adui aliyejificha misituni. Lugha iliyowaunganisha askari wa makabila hayo yote ilikuwa Kiswahili.

Baadhi yao walijiandikisha kwa hiari, wengine kwa msukumo wa machifu. Hakuna waziri mkuu aliyesimama bungeni kuuliza kama wako tayari kuendelea baada ya Ujerumani kushindwa. Baharia wa Kanada alipewa karatasi ya kuchagua kwa sababu nyumbani kwao palikuwa na wapiga kura. Askari wa Uganda alikuwa mtu wa himaya, na himaya haikuwa na kura. Wote wawili walitumika chini ya jina moja, mmoja kwa sababu ndiyo nchi yake, mwingine kwa sababu limeandikwa katika hati ya meli yake.

FUNZO LA NAHODHA

Mwaka 1949 yalizuka matukio ya mabaharia kugoma kutii amri katika meli tatu za Kanada. Serikali iliunda tume ya kuchunguza, na mwenyekiti wake alikuwa Mainguy, nahodha yule wa Uganda, ambaye sasa alikuwa amiri. Taarifa ya tume haikuishia katika kuwalaumu mabaharia. Ilieleza upungufu wa uongozi, maafisa kutengana na watu wao, na malalamiko kukosa njia ya kusikilizwa. Taarifa hiyo inakumbukwa hadi leo katika jeshi la majini la Kanada.

Manowari yenyewe ilikuwa imewekwa kando mwaka 1947. Iliporudishwa kazini tarehe 14 Januari 1952 iliitwa Quebec, kwa jina la jimbo la Kanada. Mwaka huohuo wa 1952 meli nyingine iitwayo Uganda iliteremshwa majini. Hiyo haikuwa ya vita bali ya abiria, nayo ilisafiri kati ya London na bandari za Afrika ya Mashariki, Mombasa ikiwamo. Mwaka 1982 iligeuzwa hospitali ya majeruhi katika vita vya visiwa vya Falkland.

Quebec ilimaliza utumishi wake tarehe 13 Juni 1956. Baadaye iliuzwa kama chuma chakavu, na mwezi Februari 1961 ilifikishwa Osaka ili ivunjwe. Osaka ni mji wa Japani, nchi ileile ambayo mizinga ya meli hiyo ilitumwa kupigana nayo. Uganda ilijipatia uhuru wake tarehe 9 Oktoba 1962, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye. Kwa hiyo manowari hiyo haikupata kuiona bendera ya nchi iliyokuwa na jina lake.

Wahenga walisema: ahadi ni deni. Askari anapokula kiapo huwa amejiwekea deni, na mabaharia wale walilipa lao mpaka zamu ya mwisho, hata baada ya kusema kwamba wamechoka. Dola nayo ina deni lake: kumweleza askari wazi anatumwa wapi na kwa muda gani, kusikiliza shida zake kabla hazijawa uasi, na kutomwachia yeye peke yake mzigo wa jambo ambalo viongozi wameshindwa kulikata. Familia inayosubiri nyumbani ina haki katika madeni yote mawili.