Ukuta wa mpangaji nao hupambika

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika miji yetu wapo wapangaji wengi ambao ukifungua mlango wa chumba chao, macho yanakutana na ukuta mtupu, wenye michirizi ya maji ya mvua na kalenda ya mwaka uliopita. Ukiuliza, utajibiwa kwamba mapambo ni mambo ya wenye nyumba zao na wenye fedha. Juma hili, ndugu msikilizaji, nia yetu ni kuonyesha kwamba jibu hilo halina msingi.

Kwanza, kuupamba ukuta si jambo la kuiga kutoka ng'ambo. Nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa katika karne ya 18, zina zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu ukutani, ambamo waliwekwa vyombo vya kaure. Kule Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, hata nguzo za makaburi ya kale zilipachikwa mabakuli kutoka China.

Huenda mtu akasema hao walikuwa matajiri. Basi na tumtazame Edward Saidi Tingatinga, mtu aliyetoka Tunduru kuja Dar es Salaam kutafuta kazi. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao laini wa dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake ukabaki na jina lake, na leo umetundikwa kwenye kuta za nchi nyingi. Alianza na vitu vilivyokuwa karibu naye, vya bei ndogo, na viumbe wa nchi yake. Hilo ndilo somo letu.

Wenzetu wa Ulaya huleta maua na matawi ndani ya nyumba wakati wa majira ya kuchipua, baada ya baridi kali. Sisi wa pwani hatuna majira hayo. Lakini masika yanapokatika, na kipupwe kikaanza kuvuma mwezi Juni, miti imejaa majani mapya na hewa inaanza kukauka. Huo ndio wakati wa kufuta ukungu ukutani, kupaka chokaa, na kutengeneza pambo.

Pambo la kwanza ni la majani yaliyokaushwa. Chagua majani membamba yenye umbo zuri, kama vijiti vya mwarobaini au majani ya nyasi. Yachume mchana, umande ukiwa umekauka. Yapange kati ya kurasa za gazeti la zamani, yasipandane, kisha weka matofali mawili juu yake. Badilisha magazeti kila baada ya siku mbili, kwa sababu karatasi iliyonyonya maji ndiyo inayoleta ukungu. Baada ya wiki mbili hivi yatakuwa makavu. Yabandike kwenye kipande cha boksi kilichofunikwa karatasi nyeupe. Gundi ya unga ni rahisi, lakini huvutia mende. Gundi nyeupe ya maseremala ni bora, na chupa ndogo hutosha kazi nyingi.

Pambo la pili ni la ukili. Akina mama wa Unguja, Pemba na mwambao huchana majani machanga ya mkindu, huyachemsha, huyaanika juani mpaka yawe meupe, mengine huyatia rangi, kisha huyasuka kuwa ukanda mrefu. Huo ndio ukili, unaoshonwa kuwa mkeka. Nunua kipande, ukunje ncha yake iwe kitovu, kisha uuzungushe huku ukishona ukingo kwa ukingo kwa sindano nene au shazia. Vuta kidogo ukingo wa ndani ili duara lisijikunje. Likifika ukubwa wa sinia, tundika. Asiyeweza kushona na atundike kawa au ungo uliosukwa vizuri. Navyo ni mapambo kamili. Fedha hiyo humfikia msusi mwenyewe, na ufundi wake unapata sababu ya kurithiwa na binti yake.

Pambo la tatu ni tawi kavu lililoanguka lenyewe. Likwangue maganda, lianike siku kadhaa ili wadudu watoke, kisha lining'inize kwa kamba ya katani. Funga juu yake maganda marefu ya mkrismasi, vifuu vya nazi vilivyosuguliwa kwa msasa, au manyoya ya kuku yaliyooshwa.

Hapa kuna tahadhari mbili. Ziko mbegu ndogo nyekundu zenye jicho jeusi, za mmea ambao wengine huuita mtipitipi. Zinapendeza mno, lakini zina sumu kali, na mtoto akizitafuna anaweza kufa. Zisiingie katika nyumba yenye watoto.

Pili ni vitu vya baharini. Kombe linalong'aa bila mchubuko, kwa kawaida limetolewa majini mnyama wake akiwa hai. Konokono mkubwa wa baharini, ambaye kombe lake hupulizwa kama baragumu, ni mlaji wa kiti cha pweza mwenye miba, yule anayekula matumbawe. Akimalizwa yeye, mwamba hupoteza mlinzi, na samaki hukosa mazalio. Gamba la ng'amba nalo limekatazwa katika biashara ya kimataifa na mkataba uliotiwa saini Washington mwaka 1973. Pambo la namna hiyo hupendezesha chumba kimoja na kuharibu riziki ya wavuvi wengi.

Limebaki suala la mwenye nyumba, ambaye hataki kuona msumari katika ukuta wake. Dawa yake ni kufunga kamba kwenye boriti ya paa au fimbo ya pazia, pambo likaning'inia bila kutoboa kitu. Hilo lina faida nyingine: pambo lisilogusana na ukuta wenye unyevu hupata hewa, halioti ukungu. Na siku ya kuhama, unakwenda nalo.

Mtu anayerudi jioni kutoka kibaruani, akapanda daladala akiwa amesimama njia nzima, ana haki ya kufungua mlango akakuta kitu kinachomfurahisha macho. Kodi ya mwezi ameilipa. Na ukuta ni sehemu ya chumba alichokilipia. Tuonane juma lijalo.