Arnika: Ua la manjano linalotambuliwa kwa majani yake

MTEMBEZI anayekatiza misitu ya misonobari katika Milima ya Rocky, magharibi mwa Kanada na Marekani, hukuta maua mengi ya manjano chini ya miti kati ya Mei na Agosti. Kwa mbali yote hufanana, lakini anayeyachuma kwa ajili ya dawa akikosea anaweza kujidhuru.

Mojawapo ni arnika ya majani ya moyo, ambayo wanabotania huiita Arnica cordifolia. Ni mmea wa asili wa Amerika Kaskazini. Baadhi ya watu hukausha maua yake na kuyaroweka katika mafuta, kisha wakayatumia kuchua misuli inayouma.

Kosa la wengi ni kuitambua kwa rangi. Arnika ni ya jamii ya alizeti, na katika jamii hiyo maua ya manjano ni ya kawaida mno. Kinachopaswa kutazamwa kwanza ni majani.

Majani ya arnika huota mawili mawili, yakielekeana kwenye kifundo kimoja cha shina. Shina lenye ua huwa na jozi 2 hadi 4 hivi. Majani ya chini yana vikonyo virefu, umbo la moyo na kingo zenye meno, ilhali yale ya juu ni madogo na aghalabu hayana vikonyo.

Shina lenyewe lina urefu wa sentimita 10 hadi 60. Kileleni huwa na ua moja, au mara nyingine matatu, lenye petali za sentimita 1.5 hadi 3.

Mmea unaoweza kumkanganya mchumaji ni senesio ya majani ya pembetatu, Senecio triangularis. Majani yake pia yana meno, lakini huota moja moja yakipishana shinani. Maua yake ni madogo, hukusanyika mengi kileleni, na mmea hupenda kandokando ya vijito. Senesio hiyo ina kemikali zinazoharibu ini.

Ugumu zaidi hutokea kwa ndugu wa karibu, Arnica latifolia, ambaye majani yake pia huelekeana. Hata hivyo, majani yake ya katikati hayana umbo kamili la moyo, na kwa kawaida hayana vikonyo.

Dalili nyingine imo ardhini. Arnika ni mmea wa kudumu, na shina lake hutambaa chini ya udongo mithili ya tangawizi, likichipuza hapa na pale. Ndiyo maana mtu hukuta zulia la majani ambalo sehemu kubwa haina maua. Moto mwepesi ukipita msituni, mashina hayo huchipua upya. Anayeng'oa mmea mzima, kwa hivyo, huondoa pia chanzo cha maua ya miaka ijayo.

Isitoshe, kuitambua arnika si ruhusa ya kuinywa. Ikimezwa yaweza kusababisha kutapika na kuvuruga mapigo ya moyo, na haifai kupakwa kwenye kidonda. Aidha, kuchuma maua katika mbuga za kitaifa za Marekani ni marufuku.

Majani yasipoelekeana, basi, ua hilo si la kuchumwa kwa dawa, hata likiwa la manjano kiasi gani.