Kamera ya Kwanza na Hadaa ya Megapikseli

Mnunuzi wa kamera ya kwanza ya dijitali aghalabu huuliza ina megapikseli ngapi. Swali hilo, wapendalo wauzaji, humpotosha. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, huhitaji takribani pikseli milioni 2 tu. Muhimu zaidi ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kihisi cha milimita 6 kwa 5 hivi kikigawanywa pikseli milioni 20, kila moja huambulia mwanga haba. Ndipo picha za arusi ya usiku hujaa chengachenga. Ukuzaji wa lenzi nao usichanganywe na ule wa kidijitali, ambao hukata tu picha na kuitanua.