Kabla Hujapiga Hesabu ya Hei

Wiki iliyopita pale kantini rafiki yangu mmoja alinionyesha hesabu kwenye simu. Ekari moja ya nyasi za Rhodes, marobota 200, kila robota shilingi 5,000, jumla milioni moja. "Zidisha mara ekari kumi," akasema, "halafu uniambie unasubiri ajira ya ualimu ya nini." Nilicheka, lakini sikumjibu vizuri. Makala hii ndiyo jibu lake, na la yeyote kati yetu anayepiga hesabu za namna hiyo bumu likichelewa.

Hei mimi niliijua kwa mikono. Nilipomaliza kidato cha sita nilifanya kibarua kwenye ranchi moja wilayani Siha, magharibi ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Juni mpaka Oktoba. Nilikuwa natafuta hela ya godoro, nauli na ya kuanzia maisha ya chuo.

Kazi inaanza kwa kuchagua siku ya kukata. Nyasi zinakatwa zinapoanza kutoa maua. Ukikata mapema sana unapata kidogo. Ukingoja mpaka mbegu zikomae, shina linakuwa gumu, protini inapungua, na ng'ombe anabaki kutafuna vijiti. Sasa siku hizo huwa ni chache, na masika yakishaisha kila shamba linataka trekta lile lile. Ndiyo maana msimu ule hauna Jumapili.

Baada ya kukata ni kukausha. Nyasi mbichi karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Kabla ya kufungwa zinatakiwa zibakiwe na asilimia 15 hivi. Kwenye jua zuri ni siku mbili au tatu, huku mnazigeuza ili za chini nazo zikauke. Lakini Juni na Julai kule kwetu ni baridi. Ukungu unashuka kutoka mlimani, umande haukauki mpaka saa nne au saa tano asubuhi, na siku tatu zinageuka kuwa tano.

Ranchi ilikuwa na mashine ya kufungia, ila ilikuwa haitoshi, kwa hiyo vibarua tulitumia sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko: urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45. Unatandika kamba za katani, unajaza nyasi, mwenzako anapanda juu anakanyaga, mnakaza kamba, mnanyanyua sanduku, robota linabaki chini. Malipo yalikuwa shilingi 300 kwa robota, tunagawana wawili.

Hapo ndipo nilipokosea. Aliyetuhesabia alihesabu marobota, hakupima unyevu. Jioni moja wingu limetanda, mimi na mwenzangu tulikuwa tunataka kufika 60. Tukaenda upande wa bondeni. Nyasi zilikuwa kavu kwa juu, lakini vifundo vya shina vilikuwa bado laini, ukivibana kwa kucha unaona maji. Tulijua. Tukafunga, tukapanga ghalani.

Baada ya siku kama nane msimamizi wetu, mzee mmoja mpole, aliniita. "Ingiza mkono hapo katikati." Nikaingiza, nikautoa haraka. Kulikuwa na moto kama nimeshika kikombe cha chai. Akanieleza kwamba hei mbichi ikibanwa, vijidudu na ukungu vinazaliana ndani yake na kutoa joto. Joto likikosa pa kutokea linapanda, na ghala linaweza kuwaka lenyewe bila mtu kuwasha kiberiti. Mchana kutwa tulitoa marobota nje na kuyafungua.

Lakini mengine yalikuwa yameshauzwa. Siku mbili baadaye alikuja mama mmoja kutoka juu mlimani, anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa bandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hili umefunga wewe?"

Alikata kamba mbele yangu. Vumbi la kijivu likaruka, na harufu kama ya godoro lililolowa. Ng'ombe alikuwa amekataa kula siku mbili, maziwa yamepungua. Alibadilishiwa marobota yake yote 12, ila nauli ya pikapu ya kuja na kurudi hakuna aliyeitaja. Mfukoni nilikuwa na elfu tisa za siku ile. Sikuitoa. Nilikuwa nawaza godoro langu.

Kutoka kwake nilijifunza kununua. Aliingiza mkono katikati ya kila robota kusikia joto. Alinusa. Aliangalia rangi: kijani kinachofifia ni nzuri, kahawia iliyoiva ni dalili kwamba liliungua ndani. Mwisho akadai mizani. Sanduku ni moja, lakini robota la mkanyagaji mvivu lilikuwa kilo 11 na letu lilifika 16, bei ile ile. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo kwake tofauti hiyo ni mlo wa karibu nusu siku.

Kuna kipimo kingine rahisi, hata shuleni unaweza kuwafanyisha wanafunzi. Katakata hei, itie kwenye chupa kavu yenye mdomo mpana pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishikana mabonge, usifunge bado. Ikibaki chenga chenga, endelea.

Turudi kwa rafiki yangu. Robota tulilouza shilingi 4,000 mwezi wa Julai lilifika 7,000 Oktoba, kiangazi kilipokaza. Kwa hiyo faida ipo, ila ipo kwa mwenye ghala lisilovuja, aliyepanga marobota juu ya magogo ili yasiguse sakafu na kuacha nafasi ya hewa kupita. Hesabu yako haina ghala, haina kamba, haina vibarua, haina ukungu wa Julai. Na ukimlipa kibarua kwa idadi tu, atakufanyia nilichofanya mimi.

Ukitaka kuanza, anza na ekari moja na chupa ya chumvi. Halafu kabla hujaandika 200 kwenye simu, niambie ni mangapi kati ya hayo unaweza kuyakata kamba mbele ya yule mama.