Picha Ibebe Sura, Slaidi Ibebe Hesabu

Tuseme kesho asubuhi kuna kikao cha kukusanya maoni ya wananchi mjini Wote, kaunti ya Makueni. Katibu wa kikundi cha wakulima wa maembe amekesha na simu yake akisanifu kurasa nne katika programu ya Canva. Ameweka mwembe uliojaa matunda, nembo ya kikundi, rangi ya kijani na rangi ya embe bivu, na katikati, kwa herufi nene, bei ya kilo moja shambani. Kazi imependeza. Anaipakua, anaiingiza kwenye slaidi, kisha analala. Saa mbili asubuhi mwenyekiti anampigia simu kumwambia kwamba bei aliyoiandika ni ya msimu uliopita. Katibu anafungua slaidi na kuigusa ile tarakimu aifute, lakini haishikiki. Kilichopo pale ni picha ya tarakimu, na picha haifutwi kwa kidole.

Kisa hiki huwapata wengi, na chanzo chake ni kimoja. Tunapohamisha usanifu kutoka programu ya michoro hadi slaidi, huwa tunasahau kuamua nini kigande na nini kibaki kikinyumbulika. Ukishafanya uamuzi huo, mengine yote ni vitufe vya kubonyeza.

Kwa watu wa Makueni uamuzi huo una uzito wa pekee. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Makueni imejijengea jina kwa kulitekeleza jambo hili kwa dhati: mazungumzo huanzia vijijini, hupanda hadi wadi, ambazo ni 30, kisha hufika ngazi ya kaunti. Wasilisho la kikundi likipanda ngazi hizo hupita katika mikono mingi na lugha zaidi ya moja, na takwimu zake husahihishwa njiani. Slaidi isiyosahihishika haiwezi safari hiyo.

Embe na rojo

PowerPoint ilitolewa mwaka 1987, ikiwa imebuniwa na Robert Gaskins na wenzake katika kampuni ya Forethought, ambayo Microsoft iliinunua mwaka huo huo. Ilikusudiwa msemaji anayesimama mbele ya watu na hoja zake. Canva ilizinduliwa Australia mwaka 2013 ili asiyesomea usanifu naye aweze kutengeneza kitu cha kupendeza. Ya kwanza ina nguvu katika mpangilio wa hoja, ya pili katika sura. Ndiyo maana watu huziunganisha.

Ukiwa ndani ya Canva, kila kitu ni kipande kinachojitegemea: neno unaweza kuliandika upya, jani unaweza kulisogeza. Ukipakua kazi hiyo kama PNG au JPG, vipande vyote huyeyuka na kuwa vitone vya rangi viitwavyo pikseli. Ukurasa wa pikseli 1920 kwa 1080 una vitone zaidi ya milioni 2, na kompyuta haijui kipi kilikuwa herufi na kipi kilikuwa jani. Ni kama kiwanda cha Kalamba, hapa Makueni, kinavyosaga maembe yakawa rojo. Rojo ni tamu na husafiri vizuri, lakini hakuna awezaye kulirudisha kuwa embe. Usanifu wako ndani ya Canva ndio embe, na faili uliyopakua ndiyo rojo. Usiifute kazi asilia baada ya kupakua.

Kwa hiyo saga kile tu ambacho hakitabadilika. Nembo, pambo la pembeni, mchoro na mandhari ya nyuma viende kama picha. Vichwa vya habari, bei, tarehe, majina ya mahali na maelezo ya mchoro viandikwe ndani ya slaidi yenyewe.

Chukua mfano wa somo ambalo kila mkulima wa maembe hapa analihitaji, la nzi wa matunda. Aina iitwayo kitaalamu Bactrocera dorsalis iligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, na nzi hawa ndio waliochangia Kenya kusitisha uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya mwaka 2014. Maisha yao huchoreka vizuri. Jike hutoboa ngozi ya tunda na kutaga mayai, mayai huanguliwa funza wanaokula nyama ya tunda, tunda huanguka, funza hujizika udongoni na kujifunga ganda, kisha nzi mpya hutoka. Chora hatua hizo katika Canva kama mviringo wenye mishale, bila neno hata moja. Ukishaiingiza picha, weka juu yake visanduku vya maandishi vya slaidi. Mkutanoni Wote maelezo yatakuwa ya Kiswahili, kijijini yatakuwa ya Kikamba, na ripoti ya ofisini inaweza kuwa ya Kiingereza. Picha ni ile ile moja.

Kutoka Canva hadi slaidi

Anza na umbo. Ukurasa wa wasilisho wa Canva wenye pikseli 1920 kwa 1080 una uwiano wa 16 kwa 9. Slaidi ya kawaida ya PowerPoint, tangu toleo la 2013, ina upana wa inchi 13.33 na kimo cha inchi 7.5, nayo ni uwiano huo huo. Google Slides pia huanza na 16 kwa 9. Mchoro wa umbo hilo utaenea slaidi nzima bila kuvutwa. Bango la mraba ulilolitengenezea WhatsApp halitaenea. Ukilivuta upande mmoja, nyuso za watu hupanuka na embe hugeuka tikiti. Ukitaka kukuza picha, ivute kwa pembe, si kwa ubavu. Uliza pia ukumbini wana projekta gani, kwa maana zile za zamani zina uwiano wa 4 kwa 3.

Katika Canva, bonyeza Share kisha Download, uchague aina ya faili. Mchoro wenye kingo kali, nembo au grafu, uupakue kama PNG, ambayo huhifadhi kila kitone kilivyo. Picha ya kamera ya shamba au ya mkutano, ipakue kama JPG. JPG hupunguza uzito kwa kutupa tofauti ndogo za rangi ambazo jicho halizitambui kirahisi. Katika majani ya mwembe hutaona hasara, lakini pembeni mwa herufi utaona madoa. Usipige picha ya skrini ukadhani umepakua, kwa kuwa utapata ubora wa skrini ya simu tu, pamoja na vitufe vyake.

Katika PowerPoint fungua Insert kisha Pictures. Katika Google Slides fungua Insert kisha Image. Ikiwa mchoro ni fremu au pambo la kurudiwa kila ukurasa, usiubandike mara kumi. Uweke mara moja katika slaidi mama, ambayo PowerPoint huiita Slide Master, na katika Google Slides utaipata kupitia Theme builder. Slaidi zote zitarithi pambo hilo, faili itakuwa nyepesi, na hakuna atakayelisogeza kwa bahati mbaya anaposahihisha maneno.

Nembo huleta usumbufu wake. Canva ya bure haitoi PNG isiyo na mandhari ya nyuma, kwa hiyo nembo huja na kisanduku cheupe kinachoonekana kama kiraka juu ya slaidi ya kijani. Njia rahisi ni kuiacha slaidi iwe nyeupe pale nembo ilipo. Njia nyingine ni kutumia amri ya PowerPoint iitwayo Set Transparent Color, iliyo chini ya Color, kisha kugusa ule weupe. Hufanya kazi vyema pale weupe ulipo sawasawa kote.

Kuna pia njia ya kupakua kazi nzima kama faili ya PowerPoint. Hapo maneno hubaki maneno na yanaweza kuandikwa upya. Bei yake ni fonti. Mwandiko uliouchagua katika Canva usipokuwemo katika kompyuta ya ukumbini, PowerPoint huweka mwingine mahali pake, na sentensi iliyotosha mstari mmoja huvunjika mara mbili na kufunika picha. Tumia fonti za kawaida ambazo kompyuta nyingi zinazo, au, ikiwa fonti hiyo imo katika kompyuta yako, weka alama katika PowerPoint ya Windows kwenye chaguo la kuhifadhi fonti ndani ya faili. Baada ya kuifungua faili hiyo, ipitie slaidi moja moja kabla ya kumtumia mtu.

Ukumbi una jua

Skrini ya simu hung'aa kwa mwanga wake yenyewe, ilhali ukuta hutegemea projekta, na mchana wa Wote una jua kali linalopenya madirishani. Rangi ya embe tunayoipenda ndiyo inayotuangusha. Viwango vya kimataifa vya usomekaji wa kurasa za intaneti hutaka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari ifike angalau 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Rangi ya chungwa ya kawaida juu ya nyeupe haifiki hata 2 kwa 1. Itumie kwa pambo, na maneno uyaandike kwa kijani kizito au nyeusi.

Kwa kila picha muhimu andika pia maelezo mafupi katika sehemu iitwayo Alt text, ili asiyeona asomewe na kompyuta kilichochorwa. Na kama picha ina uso wa mtu, hasa mtoto, omba ridhaa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaulinda uso huo kama inavyozilinda nambari zake za simu.

Mwisho, fimbo ya mbali haiui nyoka. Wasilisho lililo kwenye intaneti peke yake halikusaidii bando likiisha au mtandao ukikatika. Hifadhi faili ya slaidi kwenye kompyuta na kwenye flashi diski, pamoja na nakala ya PDF, ambayo huonekana vile vile kwenye karibu kila mashine.

Katibu wetu akifuata njia hii, simu ya saa mbili asubuhi humchukua dakika moja. Atabadilisha bei na kuelekea ukumbini. Faida kubwa zaidi itakuja baadaye, kikao kitakapofika kijijini. Mama mmoja atasimama aseme kuwa mitego ya nzi waliyopokea ilikuwa 12, wala si 20 kama ilivyoandikwa ukutani. Daftari la ugavi litafunguliwa, na itaonekana amesema kweli. Katibu atagusa tarakimu, ataifuta, ataandika 12, na kijiji kizima kitaona neno la mama yule likiingia katika hesabu.