Je, Wajua? Mti wa Ukoo wa Waridi Unaomtoa Tegu Tumboni

Je, wajua kwamba waridi lina ndugu mrefu wa mita 20 anayeua minyoo? Waethiopia wanamwita koso, na wataalamu wa mimea humwandika Hagenia abyssinica. Humea kwenye milima yenye baridi, kuanzia mita 2,000 hivi kwenda juu. Yupo pia Kilimanjaro na Mlima Kenya, na kule Virunga nchini Rwanda gorila wa milimani hupumzika chini yake.

Je, wajua kwa nini Ethiopia ndiyo iliyoutegemea mti huu zaidi? Ni kwa sababu ya nyama mbichi ya ng'ombe, chakula cha heshima siku za sikukuu. Nyama hiyo huweza kuwa na vibuu vya tegu. Kibuu kimoja kikimezwa, ndani ya utumbo hugeuka mnyoo bapa wenye mita 4 hadi 10. Kichwa chake, kidogo kuliko punje ya mtama, hung'ang'ania ukuta wa utumbo kwa vinyonyeo vinne. Pingili zote zikitoka kichwa kikabaki, baada ya miezi mitatu hivi mgonjwa anaanza kuona vipande tena chooni. Ndiyo maana zamani watu wengi walikunywa koso mara kwa mara, na siku ya dawa mtu alishinda nyumbani.

Je, wajua kwamba mti dume na mti jike ni miti miwili tofauti? Wanaojua dawa hutafuta jike. Vishada vyake vyekundu vinavyoning'inia huanikwa, hutwangwa, na unga wake hukorogwa kwenye maji au pombe ya kienyeji. Mgonjwa hunywa alfajiri kabla hajatia kitu kinywani. Ni chungu, inakereketa koo, na wengine huitapika. Halafu tumbo linaendesha, na tegu hutoka.

Karne ya 19 maua hayo yaliuzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya. Jina Hagenia linamuenzi Karl Gottfried Hagen, mtaalamu wa dawa wa Königsberg. Mimi ningependa limuenzi Mwethiopia wa kwanza aliyetambua kazi ya maua yale, ingawa jina lake halikuandikwa popote.

Je, wajua kwamba koso inaweza kumdhuru anayeinywa? Ndani yake mna kosotoksini, sumu inayomdhoofisha mnyoo, lakini ikizidi haimbagui mnyoo na mtu. Madaktari nchini Ethiopia wamewahi kuripoti wagonjwa walioharibika macho baada ya kuinywa. Tatizo ni kipimo: ua la mti huu na la mti ule hayalingani nguvu, na kiganja kinachopima unga hakiwezi kulijua hilo. Siku hizi hospitali hutoa prazikwanteli au niklosamidi, ambazo kipimo chake kinajulikana. Na vibuu vilivyomo kwenye nyama hufa vyote ikipikwa mpaka wekundu wa ndani uishe.