Mbegu ya Kurudia: Mahindi si Mpunga

Kila msimu unapokaribia, mabishano yale yale hurudi katika maduka ya pembejeo ya Tunduma na Vwawa. Mkulima wa Mbozi anauliza bei ya mfuko wa mahindi chotara, anaguna, kisha anasema: "Mwaka jana nilinunua. Nimechagua mahindi makubwa, nitapanda hayo hayo." Jirani yake wa Kamsamba, mlima mpunga, anamuunga mkono: mbona Saro yake ameirudia msimu wa tatu na haijamwangusha?

Kila mmoja anasema alichokiona. Tofauti iko katika ndoa ya mmea.

Mpunga hujichavusha wenyewe. Dume na jike wamo ndani ya ganda moja, na kazi huisha bila kumhitaji jirani. Ndiyo maana mtoto hufanana na mzazi. Mtafiti anayetaka kuchanganya aina mbili hulazimika kuyatoa madume kwa koleo ndogo, ua moja moja, kisha alete chavua ya aina nyingine. Ndivyo ilivyozaliwa IR8 kule Ufilipino. Mwaka 1962 mpunga mrefu wa Indonesia uitwao Peta ulichanganywa na mfupi wa Taiwan, na mwaka 1966 mbegu ikatolewa kwa wakulima. Mpunga mfupi hauanguki ukitiwa mbolea, na chakula kilichokuwa kikiishia kwenye bua huenda kwenye punje. Baada ya kuchanganya, kazi ni kuchagua kizazi baada ya kizazi mpaka mmea utulie. Saro 5, iliyotolewa mwaka 2002 na watafiti wetu mkoani Morogoro, imetulia hivyo. Tena ina harufu kiasi, jambo ambalo IR8 haikuwa nalo, na mnunuzi wa mchele Tunduma hununua kwa pua.

Mahindi hayajifungii ndani. Mbelewele ziko juu, ndevu ziko kwenye hindi, na mshenga ni upepo. Ili kupata chotara, mtafiti huzifunika kwa mifuko ya karatasi na kuulazimisha mmea ujichavushe wenyewe kwa vizazi kadhaa, mpaka apate ukoo uliodumaa lakini unaofanana. Akishapata koo mbili zisizo na udugu, huzioza. Mtoto wao huwapita wazazi wote wawili kwa nguvu. Hata bila kudumaza koo, umbali wa udugu pekee unaleta faida: Kitale, Kenya, mwaka 1964 walitoa H611 kwa kuoanisha mahindi ya kwao na ya Ecuador. Kwetu huku Uyole imetupa UH615 na UH6303.

Sasa, mahindi uliyovuna kutoka katika chotara ukiyapanda, ndugu wanaoana. Chotara ya koo mbili hupoteza karibu nusu ya ile nguvu ya ziada papo hapo. Shamba linakuwa bua refu hapa, bua fupi pale. Mimi mwenyewe nilijaribu msimu mmoja. Mbolea niliweka ile ile, palizi mbili, na magunia yaliyoingia nyumbani mke wangu anayataja mpaka leo. Kuchagua hindi kubwa hakukunisaidia, maana ukubwa ule ulitokana na ndoa, si na ukoo.

Asiye na fedha ya chotara afadhali atafute mbegu isiyo chotara, inayoweza kurudiwa kwa misimu michache. Ziko za tangu miaka ya 1980, kama Staha, Kilima na TMV-1, lakini si kila moja inafaa nyanda za juu, kwa hiyo amwone kwanza bwana shamba.

Na yule wa Kamsamba? Adui yake ni turubai. Akipura Saro palipopurwa Supa, punje huchanganyika, na msimu ujao anapanda zote mbili bila kujua. Supa hurefuka kuliko Saro. Basi akipita shambani wakati wa kuchanua akaona masuke yaliyochomoza juu ya wenzake, asiyafurahie. Ayang'oe.